Nyumba mpya ipo, lakini Mama analala jikoni

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumjengea mzazi wako nyumba kisha ukamkuta amelala kwingine? Usicheke. Jambo hilo limetupata sisi, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya.

Kaka yangu mkubwa hufanya kazi Mombasa. Kwa muda wa miaka minne amekuwa akijinyima, akituma pesa nyumbani kwetu Mwingi kidogo kidogo, mwezi huu saruji, mwezi ujao mabati, ili Mama naye aondoke katika nyumba kuukuu ya udongo aliyoachiwa na marehemu Baba. Desemba iliyopita tulikusanyika sote kuifungua nyumba hiyo. Mbuzi akachinjwa, mchungaji akaomba, wajukuu wakakimbizana vyumbani. Nyumba yenyewe ilipendeza, nisiseme uongo. Vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, mabati yaliyong'aa ukayaona ukiwa bado barabarani, na madirisha makubwa ya vioo sebuleni kama yale ambayo kaka huyaona Nyali.

Siku ya pili, yapata saa nane mchana, niliingia sebuleni kumtafuta Mama. Joto lililokuwa mle ndani lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya muthokoi. Mama hakuwapo. Nilimkuta chini ya mwembe akisuka kiondo. Usiku nikaamka kwenda msalani, nikaona mwanga wa koroboi katika lile jiko la zamani lenye kuta za udongo. Alikuwa amejitandikia humo. Alipojua nimemwona aliweka kidole mdomoni.

"Usimwambie kaka yako," akaninong'oneza. "Nyumba ni nzuri. Ila inachemka."

Siri ya aina hiyo haikai. Kaka alikwisha kujua kabla ya chai ya asubuhi. Hakugomba. Alinyamaza kutwa nzima, na jioni akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mama ameikataa nyumba ama amemkataa yeye. Sikuwa na jibu. Mimi kazi yangu ni kuandika magazetini, si kujenga.

Mwezi mmoja baadaye nikapata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu anayesomea usanifu wa majengo, kazi ambayo wengi wetu huiita uchoraji ramani. Alilalamika kuwa siku hizi kila kampuni ya wasanifu inajitangaza kuwa inajenga kwa kuyajali mazingira. Inasimamisha jumba la vioo, inapanga vyungu vya maua kwenye roshani, inapiga picha, basi. Akataka kujua kama ipo kampuni hata moja ambayo imeishika ahadi hiyo kwa vitendo, ama yote ni biashara.

Swali lake si la mchezo. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri, lilieleza katika ripoti ya mwaka 2022 kuwa majengo na shughuli za ujenzi zilisababisha takriban asilimia 37 ya hewa ya kaboni inayotokana na matumizi ya nishati na viwanda duniani. Saruji inachomwa, chuma kinayeyushwa, kisha jengo likishasimama linataka umeme wa kulipoza kila siku ya Mungu. Tukizungumzia moshi sisi hutaja matatu. Nyumba tunazisahau.

Kijana, kampuni unayoiulizia ipo. Na nilipokuwa nikitafuta habari zake ili nikujibu, niligundua kuwa ninamtafutia kaka yangu jibu pia.

Inaitwa Kéré Architecture, na ofisi yake iko Berlin, Ujerumani. Usikate tamaa kwa kusikia Berlin. Mwenye kampuni, Diébédo Francis Kéré, ni mtoto wa kijijini kuliko wengi wetu. Alizaliwa mwaka 1965 huko Gando, Burkina Faso, akiwa mwana mkubwa wa kiume wa mkuu wa kijiji. Gando hapakuwa na shule, wala umeme, wala maji ya mfereji. Alipofika umri wa miaka saba alipelekwa kwa jamaa katika mji wa Tenkodogo ili asome, akawa mtoto wa kwanza wa kijiji chake kutia mguu darasani. Darasa lenyewe lilikuwa la matofali ya saruji, lisilo na hewa wala mwanga wa kutosha, na humo walibanana watoto zaidi ya 100.

Wewe uliyesomea chini ya mabati unaelewa. Katika shule niliyosoma mimi, baada ya chakula cha mchana hapakuwa na mwanafunzi aliyekuwa macho, na siku nyingine hata mwalimu mwenyewe alisinzia. Mvua ikinyesha, somo lilisimama kwa kelele za paa. Sisi tulidhani ndivyo shule zilivyo duniani kote. Kéré hakudhani hivyo.

Katika hotuba aliyoitoa mwaka 2013 alisimulia kuwa kila likizo ilipokwisha alilazimika kupita nyumba kwa nyumba kuaga. Kila mama wa Gando alifunua nguo zake na kumtolea senti yake ya mwisho. Mtoto akashangaa, akamwuliza mama yake sababu. Akaambiwa hao wanamchangia masomo, wakitumaini kuwa atafaulu na siku moja atarudi kuwafaa. Sisi tungeiita harambee. Wangapi kati yetu tulichangiwa hivyohivyo, tukaja Nairobi, tukasahau hata majina ya waliochanga?

Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa msaada wa masomo ya useremala. Kutoka ukataji wa mbao akapanda hadi Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu wa majengo. Angali mwanafunzi, mwaka 1998, aliunda chama cha kuchangisha pesa za kujenga shule kwao. Shule ya msingi ya Gando ikamalizika mwaka 2001. Shahada yake aliipata mwaka 2004, na kampuni akaifungua mwaka 2005. Tazama mfuatano huo: jengo lilitangulia, shahada ikafuata, kampuni ikaja mwisho. Wengine wetu huanza na kadi za biashara.

Basi aliporudi Gando na habari njema kwamba pesa zimepatikana, watu walishangilia. Alipowaambia kwamba shule itajengwa kwa udongo, shangwe ikaisha. Udongo? Udongo wanaujua wao. Kila mwaka mvua ikija, nyumba za udongo hubomoka na kukarabatiwa upya. Walijiuliza kama huo ndio ujuzi uliomweka Ulaya miaka yote hiyo, ilhali wenzake walikuwa shambani wakilima. Walitaka zege, walitaka vioo, walitaka jengo kama la Wazungu.

Niliposoma hayo nilimwona kaka yangu waziwazi. Nilipomtajia udongo kwa simu alifoka: "Nimrudishe Mama kwenye matope? Watu watasemaje?" Hapo ndipo penye mwiba, msomaji. Kwetu sisi nyumba haipimwi kwa namna inavyokaliwa, inapimwa kwa namna inavyoonekana na wapita njia. Udongo ni wa maskini, bati ni la aliyeanza kujiweza, kioo ni cha aliyefika. Mama anaweza kuiva kama kiazi ndani ya kioo hicho, lakini jirani atajua kuwa mwanawe amefika.

Kéré hakubishana sana, alijenga. Udongo wa palepale Gando ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono mpaka ukawa matofali magumu, kisha ukaachwa ukauke. Haukuchomwa, kwa hiyo hakuna mti ulioingia tanurini. Watoto walibeba mawe ya msingi kila asubuhi walipokuja. Akina mama waliteka maji. Sakafu walijipanga wanawake kwa mstari wakaipiga kwa saa nyingi, kisha wakaisugua kwa mawe mpaka ikalainika. Kwa maktaba ya shule hiyohiyo akina mama waliombwa kuleta vyungu vyao vya kufinyanga. Vikakatwa matako na kupangwa katika dari wakati wa kumimina zege, vikawa matundu ya kuingizia mwanga na kutolea joto. Fikiria bibi yako anaingia maktaba, anatazama juu na kusema, "Kile pale ni chungu changu."

Lakini udongo pekee haukutosha, na hapa naomba mafundi wanisikilize. Siri kubwa ya Gando iko paani. Kéré alitumia bati, bati lilelile tunalolijua sote, ila hakulilaza juu ya ukuta kama tufanyavyo sisi. Kwanza aliweka dari ya matofali ya udongo yenye matundu madogo. Juu ya dari akasimamisha kenchi za vyuma, na juu ya kenchi hizo ndipo bati likakaa, likiwa limeinuliwa na kutokeza mbali nje ya kuta. Bati linapochomwa na jua, moto wake unapeperushwa na upepo unaopita kati yake na dari. Hewa iliyo baridi kidogo inaingia madirishani, hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye yale matundu. Mvua nayo haizifikii kuta, kwani paa limezifunika kama mwavuli.

Na kenchi hizo si za kiwandani. Gando hakuna barabara ya kupitishia vyuma virefu wala mtambo wa kuviinulia. Alichukua nondo za kawaida, zile zinazotiwa ndani ya zege, akawafundisha vijana kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Vijana wakatoka hapo na ufundi wa kujipatia riziki. Shule ilianza na wanafunzi 120 na baadaye ikafikia 700. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, jambo ambalo wale waliodharau udongo hawakulitarajia hata kidogo.

Sasa linganisha na sebule ya Mama. Bati limelala moja kwa moja juu ya ukuta, dari hakuna, kwa hiyo kutoka saa nne asubuhi paa zima ni jiko la mkaa lililogeuzwa juu chini. Hewa ya moto inapanda, lakini fundi ameziba kila upenyo kwa saruji, ndege wasiingie. Inabaki ikizunguka vichwani mwa watu. Madirisha makubwa yametazama magharibi, basi kuanzia saa tisa jua linaingia lenyewe na kukaa kitini. Jiko la zamani lina ukuta mnene wa udongo unaoupokea moto polepole, lina kidirisha kidogo, na juu kuna upenyo ulioachwa ili moshi utoke. Mama hajasomea fizikia, lakini mwili wake ulichagua.

Liko jambo jingine ambalo sikulitaja mwanzoni, na linaniuma kuliko joto. Matofali ya nyumba hiyo yalichomewa palepale nyumbani, na kuni zilitoka kwenye migunga mitatu mikubwa iliyokuwa upande wa machweo. Baba alikuwa akifunga ng'ombe chini yake. Hiyo ndiyo ingelikinga sebule dhidi ya lile jua la saa tisa. Tuliukata mwavuli ili tuchome matofali, kisha tukafungua dirisha mahali uliposimama.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kujenga shule moja kijijini kwenu ni upendo. Ahadi ya kampuni hupimwa pale inapopata jina, na wateja wenye fedha wanapobisha hodi. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa majengo ni kama Nobel, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Je, alipokuwa akipanda ngazi hizo aliuacha udongo akakimbilia vioo?

Mwaka 2016 kampuni yake ilikamilisha shule ya sekondari ya Lycée Schorge katika mji wa Koudougou, hukohuko Burkina Faso. Kuta ni za jiwe jekundu linalochimbwa hapo, ambalo likiwa ardhini ni laini la kukatika, na likikaa hewani linakuwa gumu. Mbele ya madarasa kuna ua mrefu wa fito za mkalitusi unaotia kivuli. Mkalitusi! Mti ambao sisi tunaulaumu kwa kunywa maji ya visima, na wao huko huuona kuwa ni kuni tu. Na juu ya madarasa kuna minara ya kutolea joto. Mkono ni uleule wa Gando, ila vitu vimebadilika kwa sababu mahali pamebadilika.

Halafu mwaka 2021 ikafika kwetu. Ndiyo, hapa Kenya. Ufuoni mwa Ziwa Turkana kampuni hiyo ilisanifu chuo kiitwacho Startup Lions Campus, ambapo vijana wa Turkana hujifunza kazi za kompyuta ili wapate ajira bila kulazimika kuhamia Nairobi. Wewe uliyewahi kufika Lodwar unajua jua la huko, nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Na kompyuta, kama mtoto mchanga, haitaki joto. Mtu mwingine angeagiza viyoyozi, kisha jenereta ya viyoyozi, kisha mafuta ya jenereta, na siku mafuta yanapokwisha kila mtu aende nyumbani.

Wao walikitazama kichuguu. Katika nchi ile mchwa hujenga vichuguu virefu vilivyosimama kama vidole, na jengo lile limepewa minara mirefu ya rangi ya udongo inayofanana na vichuguu hivyo. Hewa safi inaingia kwenye matundu yaliyo chini, karibu na sakafu. Hewa ya moto inapanda na kutokea minarani. Mawe ya kujengea yalichimbwa machimbo ya hapo. Jengo lenyewe limefuata mteremko wa kilima badala ya kukisawazisha kwa tingatinga, na juu yake kuna roshani pana zenye vivuli ambapo vijana hukaa wakitazama ziwa. Hakuna udongo wa kushindiliwa kama Gando, kwa kuwa huko Turkana kilichopo ni mawe. Kwangu mimi hiyo ndiyo ahadi. Kampuni inayoabudu udongo ingesafirisha udongo kwa lori.

Najua msomaji wa Umoja au Pipeline ananiuliza, "Sasa mimi ninayeishi ghorofa ya tano nitafanyaje, nijenge kichuguu?" Ndugu yangu, hata hilo limejaribiwa mjini. Harare, Zimbabwe, kuna jumba la ofisi na maduka liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliagizwa asimamishe jengo kubwa lisilotegemea viyoyozi vya kawaida. Akatumia kuta nene za matofali na zege, madirisha yaliyofunikwa kivuli, na safu ya mabomba ya moshi paani, ila yanatoa joto badala ya moshi. Usiku feni zinavuta hewa baridi kupita ndani ya sakafu, zege linapoa, na mchana kutwa watu wanakula baridi ile ya usiku. Harare ni mji wa nyanda za juu kama Nairobi, mchana jua, usiku ubaridi. Sisi ubaridi huo tunaupata bure kila usiku wa Julai, na bado katika Upper Hill na Westlands tunaendelea kusimamisha majumba ya vioo yasiyofunguka, tunayafungia jua ndani, halafu tunailipa Kenya Power ili itusaidie kulitoa. Sijapata mtu wa kunieleza maana yake.

Usidhani nimelipwa kuisifu kampuni ya watu. Yapo ya kuuliza. Gando ilijengwa kwa mikono mingi ya kujitolea, na katika mjengo wa Nairobi hakuna anayebeba jiwe bila kulipwa jioni. Udongo wa kushindiliwa unataka fundi mwaminifu. Akipunguza saruji ama akiharakisha kukausha, mvua ya kwanza itamwumbua. Chuma na bati bado vimo, na saruji imo. Tena kumlipa msanifu aje kuutazama upepo wa shamba lako ni gharama ambayo wengi huiona kuwa anasa, ilhali fundi wa mtaani huchora nyumba nzima kwa kijiti mavumbini.

Lakini hata huyo fundi wa kijiti anaweza kuulizwa. Ukitaka kujenga, mshike mkono mpeleke kiwanjani saa tisa alasiri, si asubuhi, umwulize jua hilo litaingilia wapi. Mwulize hewa ya moto itatokea wapi, na kama anakuonyesha dirisha tu, mwambie moto hautokei magotini. Mwulize mawe na matofali yatatoka umbali gani, na ni mti upi utakaokatwa. Akikujibu kuwa utanunua feni, endelea kutafuta fundi. Na kampuni za ramani zenye ofisi za zulia ziulizwe maswali hayohayo, kijana, wewe ukiwa wa kwanza siku utakapoajiriwa humo.

Kaka yangu nilimtumia picha za Gando na za Turkana kwa simu. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akapiga.

"Huyo mtu ana tuzo kweli?"

"Anayo. Kubwa kuliko zote."

"Kwa kujenga na udongo?"

"Na bati, kaka. Bati kama lako."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Kubomoa nyumba hakuwezekani, na hakuna aliyetaka. Tulikubaliana fundi atoboe matundu chini ya mapaa pande zote mbili, ukuta wa mbele na wa nyuma, ili hewa ipite. Halafu aweke dari ya mbao nyepesi yenye nafasi za kupandishia joto, na upande wa machweo aongeze kipenu kirefu mbele ya vile vioo. Miche sita ya mwarubaini imepandwa pale ilipokuwa migunga. Miti hiyo haitatia kivuli cha maana mwaka huu wala ujao, na kila asubuhi mjukuu mmoja hupewa kibuyu cha maji aende kuinywesha.

Fundi aligoma kidogo. Alisema popo wataingia. Mama, ambaye katika mambo haya yote hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote, akasema popo hawaogopi, ila nyoka, na hataki tundu hata moja litobolewe kabla wavu wa waya haujafika. Wavu ukanunuliwa Mwingi mjini siku ya soko.

Nilikwenda kumwona juma lililopita. Matundu yamekwisha, dari imefika nusu, kipenu bado ni nguzo nne tu. Nilimkuta Mama ameketi sebuleni, juu ya kiti alichonunuliwa na kaka, kiondo mapajani, mlango wazi. Tulizungumza mpaka saa tisa na nusu hivi, jua lilipochungulia kwenye kioo likaanza kutambaa sakafuni. Likamfikia miguuni. Akakunja kiondo chake, akakibeba kiti, akatoka nacho kwenda chini ya mwembe.

"Mwambie kaka yako," akasema, "hicho kipenu akiharakishe."

Kitanda chake bado kiko jikoni. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.